Hesabu za Kikorea na somo la kuazima

Anayeanza kujifunza Kikorea hushtuka mapema: lugha hiyo ina hesabu mbili. Moja ni ya asili: hana, dul, set. Nyingine ilitoka China: il, i, sam. Zote hutumika kila siku, kila moja na kazi yake.

Saa hutajwa kwa namba za asili, dakika kwa zile za Kichina. "Se si sip bun" za mchana mjini Seoul ni saa tisa na dakika kumi kwa Mswahili. Umri katika mazungumzo na idadi ya vitu hutumia namba za asili. Fedha, tarehe na simu hutumia zilizoazimwa.

Kwenye fedha ndiko kwenye mtego. Wakorea huhesabu kwa mafungu ya elfu kumi, yaani "man". Laki moja kwao ni "sip man", elfu kumi mara kumi. Kijana wa Kigali au Mwanza anayekwenda huko kufanya kazi, akidhani "man" ni elfu, atakosea hesabu ya mshahara wake mara kumi. Asikariri orodha tupu; ajifunze namba pamoja na kinachohesabiwa.

Wala asiwacheke Wakorea. Tano ni ya Kibantu, sita na saba ni za Kiarabu, laki ilitoka India. Afrika Mashariki bado wapo wanaokibeza Kiswahili kuwa ni lugha ya kuazima. Wakorea waliazima hesabu nzima, na Kikorea kimebaki chao.