Dereva Mchanga Asipewe Gari Lililochoka

Katika nyumba nyingi za mjini gari huzeeka pamoja na familia. Hununuliwa mtumba kutoka Japani, baba akaenda nalo kazini miaka sita au saba, kisha akapata jingine zuri zaidi, na lile la kwanza likabaki uani chini ya mwembe. Siku kijana wa nyumba anapotimiza miaka 18 na kurudi na leseni mkononi, shauri hukatwa upesi: huyu bado mwanafunzi, atagonga tu, basi aanze na lile kuukuu. Akishazoea atapewa zuri.

Wanaokata shauri hilo ni wazazi wanaowapenda watoto wao, na hakuna anayewashuku. Lakini shauri lenyewe limepinduka. Linahifadhi bati na rangi, na kumsahau mtoto. Baba mwenye miaka ishirini barabarani, anayeinusa hatari kabla haijafika, ndiye anayekaa kwenye gari lenye breki za kisasa. Mtoto ambaye mguu wake bado unatafuta pedali ndiye anayekabidhiwa tairi kipara.

Shirika la Afya Duniani limekwisha kusema kwamba ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kwa kuua watu wa umri wa miaka 5 hadi 29. Sehemu ya gari katika vifo hivyo imechunguzwa kwa makini Marekani, ambako mtoto wa miaka 16 huweza kuendesha gari kwenda shule. Taasisi ya IIHS, inayogharimiwa na kampuni za bima, iliwatazama madereva wa miaka 15 hadi 17 waliofariki katika ajali kuanzia 2008 hadi 2012. Asilimia 48 walikuwa ndani ya magari yenye umri wa miaka 11 au zaidi. Asilimia 29 walikuwa katika magari madogo au madogo kabisa. Idara ya serikali ya nchi hiyohiyo ilipima jambo hilo kwa njia nyingine mwaka 2013: katika ajali zilizoua, dereva wa gari lenye miaka 18 au zaidi alikuwa katika hatari ya kufa iliyozidi kwa asilimia 71 ile ya dereva wa gari lisilozidi miaka mitatu.

Hapo ndipo mzee mmoja barazani huinua mkono na kusema kwamba magari ya zamani yalikuwa ya chuma kweli, na haya ya leo ni makopo. Kauli hiyo ina watetezi wengi, nayo inastahili kujibiwa kwa heshima.

Mwaka 2009 IIHS ilichukua Chevrolet Bel Air ya mwaka 1959, gari refu, zito, lenye mapezi nyuma, ikaligonganisha uso kwa uso na Chevrolet Malibu ya 2009, kila moja likienda kilomita 64 kwa saa. Sanamu za majaribio zilikuwa zimekaa kwenye usukani. Chumba cha dereva cha Bel Air kilikunjika. Usukani na dashibodi vilirudi nyuma vikamfuata aliyeketi. Mtu angekufa. Katika Malibu pua yote ilisagika, lakini chumba cha dereva kilibaki chumba, na wapimaji walikadiria kwamba dereva angeumia mguu. Siri yake ni kwamba gari la kisasa hutengenezwa lisagike mbele kwa makusudi, ili nguvu ya kishindo iliwe na bati kabla ya kufika kifuani. Gari lisilokunjika mbele hulipeleka pigo lote kwa binadamu. Mwaka huohuo wa 1959 ndio kampuni ya Volvo ilipoanza kuuza magari yenye mkanda wa pembe tatu uliobuniwa na mhandisi wake Nils Bohlin. Bel Air ile haikuwa na mkanda wa aina yoyote.

Hata hivyo umri peke yake usigeuzwe kuwa hakimu. Mwaka 2019 shirika la Global NCAP liligonganisha pikapu mbili za Nissan. Moja ilikuwa NP300 Hardbody mpya kabisa, ya aina iliyokuwa ikiuzwa Afrika. Ya pili ilikuwa Navara ya mtumba ya mwaka 2015, iliyotengenezwa kwa soko la Ulaya. Dereva wa ile mpya ndiye ambaye angekufa. Wa mtumba angeshuka akatembea. Mwandishi wa makala haya haoni ushahidi mzito kuliko huo kwa mnunuzi wa Afrika Mashariki, kwa sababu unamwondolea udhuru wa umaskini na kiburi cha upya kwa pamoja. Cha kuuliza ni gari lilijengwa kwa viwango gani, na limetunzwaje tangu hapo.

Katika viwango hivyo kimoja kinamgusa kijana kuliko vingine vyote, nacho ni mfumo wa kompyuta unaozuia gari kuserereka. Kijana mgeni barabarani mara nyingi huangamia peke yake, bila kugongana na mtu: ameingia kona kwa kasi, mvua ya kwanza imelowesha vumbi na mafuta lami ikawa kama sabuni, mkia wa gari unaanza kumpita, naye kwa hofu anaukata usukani hadi mwisho. Mfumo huo huhisi gari linaelekea kusikoelekezwa, ukafunga breki ya gurudumu moja au zaidi hadi gari linyooke. Tafiti za Marekani zimeonyesha kwamba hupunguza kwa karibu nusu hatari ya ajali za kuua zinazohusu gari moja. Marekani iliulazimisha kwa magari yote madogo ya toleo la 2012. Katika magari ya kabla ya toleo hilo baadhi yanao, mengi hayana, na mawili yanayofanana kwa sura na jina yanaweza kutofautiana. Kwenye Toyota hujulikana kwa herufi VSC, na alama yake kwenye dashibodi ni gari dogo lenye michirizi miwili ya nyoka chini yake. Mnunuzi aitafute alama hiyo kabla ya kuulizia redio.

Kisha kuna mifuko ya hewa, ambayo mafundi wengi huiita eabegi. Ufunguo unapofunguliwa, taa yake nyekundu huwaka, ikakaa sekunde chache, ikazima. Ikiendelea kuwaka, mfumo una hitilafu. Isipowaka kabisa ni vibaya zaidi, maana huenda mtu ameing'oa balbu ili kuficha kwamba mifuko ilikwisha kulipuka katika ajali ya zamani na haikurudishwa. Na hata mfuko uliopo una hadithi yake. Kampuni ya Takata ya Japani ilitumia kemikali ambayo, ikikaa miaka mingi katika joto na unyevu, huharibika. Siku ya ajali kopo lake hupasuka na kurusha vipande vya chuma usoni mwa dereva. Makumi ya mamilioni ya magari yaliitwa yarudishwe duniani kote, yakiwemo ya Toyota, Honda, Nissan na Mazda, na Marekani ilitanguliza majimbo ya joto na unyevunyevu kama Florida. Msomaji wa Tanga, Mombasa au Dar es Salaam anaijua hewa ya namna hiyo kwa shati lake mwenyewe. Apeleke namba ya chasisi kwa wakala wa kampuni iliyotengeneza gari, iangaliwe.

Mengine hayahitaji kompyuta. Mkanda uvutwe kwa ghafla: usipogoma, ubadilishwe. Ubavuni mwa tairi kuna tarakimu nne ndani ya kiduara kirefu. 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi lililopita miaka 10 liondolewe hata kama kashata zake bado nzima, kwa sababu mpira huzeeka hata ukiwa umepumzika chini ya mwembe. Tairi za mtumba zinazopangwa kando ya barabara zisomwe hivyohivyo, moja moja, mbele ya muuzaji.

Kwa mzazi mwenye gari moja tu, tena la zamani, makala haya hayamwambii akope. Njia anayo. New Zealand ilianzisha mwaka 1987 leseni ya hatua kwa hatua: mwanzoni kijana huendesha akiwa na mtu mzima, kisha anaruhusiwa peke yake lakini si usiku wa manane wala na kundi la wenzake, mwishowe anaachiwa. Nchi nyingine na majimbo mengi ya Marekani yakafuata, na vifo vya vijana vikapungua. Sheria zetu hazijafika huko, lakini mlango wa nyumba una sheria zake. Miezi sita ya kwanza bila safari za usiku na bila marafiki watatu kiti cha nyuma haimgharimu mzazi hata shilingi.

Na kabla ya kukabidhi ufunguo wa gari kuukuu, baba au mama na aliendeshe gari hilo mwenyewe wiki nzima: asubuhi, usiku, na kwenye mvua ikijaliwa. Afunge breki kwa nguvu mahali pa wazi aone linavutia upande gani. Awashe taa kuu ukutani atazame kama zote mbili zinamulika sawa. Akifika Ijumaa jioni ajiulize kama angethubutu kuteremka nalo mlima mkali wa Kitonga nyuma ya lori la mafuta. Moyo ukisita, Jumamosi gari liende kwa fundi, na Jumatatu kijana aondoke na lile jipya la baba.