Hakuna Saa Nane Asubuhi, Bana

Wasee wa kutengeneza programu, leo nawaambia bila sukari: saa nane asubuhi haipo. Kuna saa nane mchana na saa nane usiku, basi. Sasa hii SMS ya "gari litaondoka Garissa saa 8 asubuhi" mlimwandikia nani?

Mama jirani yetu aliisoma, akaona saa nane. Hiyo "asubuhi" akadhani ni makosa ya kompyuta. Akafika steji baada ya adhuhuri, mizigo kichwani, na mtoto wa kupelekwa kliniki Nairobi. Basi lilitoka saa mbili. Pesa ya tiketi haikurudi, na bado wakamuuliza, "Mama, si uliandikiwa?" Aliandikiwa nini, walahi?

Maneno mmetafsiri, saa mmeiacha kwa Kizungu. Huo ni uvivu, kwa sababu kompyuta yenyewe haina shida. Ndani yake muda ni hesabu tu ya sekunde tangu 1 Januari 1970 kwa saa za UTC. Haijui asubuhi wala usiku. Wewe ndiye unaamua mtu aone nini. Ukishapata saa ya Africa/Nairobi, yaani UTC ongeza masaa matatu, iite h. Kwa Python iliyobaki ni laini moja:

saa = (h + 6) % 12 or 12

Weka 8, inatoka 2. Weka 14, inatoka 8. Usiku wa manane, ile 0 ya kompyuta, inatoka 6. Imeisha hiyo.

Na usisogeze saa za eneo lenyewe nyuma masaa sita. Huo ujanja nimeuona. Saa itakaa sawa, lakini abiria wa saa nane usiku, Jumanne, tiketi yake itasema Jumatatu.

Kuna wale wa "si watu wazoee tu masaa 24." Sawa, andika 08:00. Lakini ukiandika neno "saa", hiyo SMS itasomwa kwa sauti na mtoto wa gredi ya nne akimsomea ayeyo, na ayeyo anajua saa moja tu: ile inayofuata jua. Si ushamba. Garissa iko karibu na ikweta, jua linatoka na kuzama karibu wakati ule ule mwaka mzima. Vuka Moyale uingie Ethiopia, wanahesabu hivyo hivyo.

Kwa hivyo fungua programu yako leo, tafuta kila pahali umeandika "saa 8 asubuhi", ufute. Mabasi ya kesho yanatoka saa mbili.