Baiskeli ya Mashindano: Ajaribu Kwanza, Ndipo Tununue



Usiku mmoja baada ya chakula, kijana wetu alitujia na picha kwenye simu. Ilikuwa baiskeli ya mashindano ya milimani, yenye springi mbele na nyuma, na bei yake ilizidi ada yake ya shule ya mwaka mzima. Alisema kuwa bila hiyo hawezi kushindana. Tukikataa, tungezima hamu njema. Tukikubali, huenda tungenunua pambo la kuegemeza ukutani baada ya miezi mitatu.

Tukamjibu: "Mwanetu, shindana kwanza kwa hiyo uliyo nayo. Ukirudi, tutazungumza."

Hatukuwa tukikwepa gharama. Mchezo wenyewe ulianza hivyo. Mwaka 1976, vijana wa Marin, California, nchini Marekani, walianza kushindana kuteremka njia ya mlimani iitwayo Repack. Baiskeli zao zilikuwa nzito na kuukuu, nyingi zikiwa za miaka ya 1930 na 1940. Breki iliyokuwa katikati ya gurudumu la nyuma ilipata moto hata grisi ikaungua, ikabidi ipakwe upya. Ndiko lilikotoka jina la njia ile. Baiskeli maalumu zilifuata baadaye, zikiundwa na watu waliokwisha kujua kwa kushindana ni kipi wanachokihitaji. Mwaka 1996 mchezo huo uliingia katika Olimpiki ya Atlanta.

Baiskeli ya kijana wetu ni ya gia, tena ya mtumba. Fundi alibadilisha mipira ya breki, akakaza spoku na kutia mnyororo mafuta. Kofia ngumu tuliinunua mpya bila mjadala, kwa kuwa kichwa hakina spea.

Alijiandikisha katika mbio fupi za wanaoanza, akamaliza karibu na mwisho, vumbi hadi kwenye kope. Tulimuuliza ni wapi baiskeli ilimwangusha. Alitafakari, kisha akakiri: kwenye mwinuko alishuka kusukuma kwa kuishiwa pumzi, mteremkoni aliogopa, na tairi alizijaza upepo kupita kiasi, zikawa zinadundadunda juu ya mawe. Kosa la baiskeli lilikuwa moja tu: mnyororo uliochakaa ulichomoka mara mbili.

Picha ile hajatuonyesha tena. Sasa anatuomba mambo mawili: mnyororo mpya, na ruhusa ya kufanya mazoezi kila Jumamosi baada ya Swala ya Alfajiri.

Wazazi wenzetu, mtoto akitaka kifaa cha gharama, tumtafutie kwanza njia ya kuujaribu mchezo. Akishashindana mara tatu au nne, akaweza kueleza kwa maneno yake ni kipi kinachompungukia, fedha itakayotoka haitakuwa israfu. Nasi tumemwahidi kijana wetu kwamba siku hiyo ikifika tutakaa naye tena. Ahadi ni deni.