Heshima ya kung'atuka

Cheo ni dhamana, walinena wahenga. Maisha ya Lord Carrington wa Uingereza, aliyefariki mwaka 2018 akiwa na umri wa miaka 99, yanathibitisha kauli hiyo. Umwinyi aliurithi kutoka kwa babake mwaka 1938. Nishani ya vita hakuirithi. Aliipata kwa ushujaa wake katika Vita Vikuu vya Pili. Tangu 1970 hadi 1974 alikuwa Waziri wa Ulinzi.

Hata hivyo, anakumbukwa zaidi kwa siku aliyoacha kazi. Aprili 2, 1982, majeshi ya Argentina yalivamia visiwa vya Falkland. Carrington, wakati huo Waziri wa Mambo ya Nje, hakutafuta karani wa kutwikwa lawama. Siku tatu baadaye alijiuzulu. Je, aliangamia? La hasha! Mwaka 1984 alikuwa Katibu Mkuu wa NATO.

Ndugu msomaji, kuzaliwa mwinyi si sifa, kwani hakuna achaguaye mzazi. Sifa ni kuubeba mzigo wa kosa lililotendeka chini ya mamlaka yako. Wanaong'ang'ania viti hata maji yakizidi unga wayatafakari hayo.