Unga umeongezeka, sukari iongezeke kiasi gani?

Chukua nyumba moja ya Uyole, Mbeya. Mama anauza maandazi asubuhi kando ya barabara kuu. Kila siku anakanda vikombe 8 vya unga kwa vikombe 2 vya sukari, na wateja wameshazoea ladha hiyo. Jioni moja anapata oda ya sherehe ya kipaimara, kwa hiyo anataka kukanda vikombe 12. Anamwambia binti yake wa darasa la sita apime sukari.

"Vikombe sita, mama," binti anajibu bila kusita.

"Sita umevipataje?"

"Unga umeongeza vikombe vinne. Na mimi sukari nimeongeza vinne."

Jibu hilo linasikika kuwa la haki: huku vinne, na huku vinne. Lakini sukari inayotakiwa ni vikombe 3 tu. Ya binti ni mara mbili yake. Maandazi yenye sukari nyingi hivyo huwahi kuwa meusi kwenye mafuta ya moto wakati ndani bado mabichi. Hapo hasara ni ya unga, sukari na mafuta, na mwenye oda anasubiri.

Kosa la watoto wengi

Mzazi anayesikia jibu kama hilo asikimbilie kusema mtoto hana akili au hasikilizi darasani. Kosa hili linajulikana kwa walimu wa hisabati karibu kila mahali duniani. Robert Karplus, mwanafizikia wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alilichunguza na wenzake miaka ya 1970 kwa swali maarufu. Wanafunzi walioneshwa picha ya mtu mfupi. Akipimwa kwa vifungo, urefu wake ni vifungo 4. Akipimwa kwa vibanio vya karatasi, ni vibanio 6. Wakaambiwa kwamba yupo mtu mwingine mrefu, ambaye urefu wake ni vifungo 6. Je, yeye ni vibanio vingapi?

Jibu ni 9, lakini wengi walisema 8. Waliona vifungo vimeongezeka viwili, nao wakaongeza vibanio viwili. Ni hesabu ile ile ya binti wa Uyole.

Sababu yake inaeleweka. Tangu darasa la kwanza, mtoto anaposikia neno "kuongezeka" anajumlisha, na anapata vema. Anapofika kwenye uwiano, madarasa ya juu ya shule ya msingi, neno ni lile lile lakini kazi imebadilika. Sasa anatakiwa kuuliza: kimeongezeka mara ngapi? Asipoonyeshwa tofauti hiyo, atabaki na njia aliyoizoea.

Jedwali lenye mistari miwili

Dawa rahisi ni jedwali la uwiano. Halihitaji kitabu kipya. Nyuma ya daftari la zamani panatosha. Mtoto anaandika mistari miwili, unga juu na sukari chini, kila namba ya sukari ikikaa chini ya unga wake:

Unga: 4, 8, 12, 16
Sukari: 1, 2, 3, 4

Kila unga na sukari yake ni jozi moja. Jozi zote hizi zina uwiano sawa: kwa kila vikombe 4 vya unga kuna kikombe 1 cha sukari. Namba zinabadilika, lakini ladha ni ile ile. Hapo mtoto anaelewa "uwiano sawa" ni nini hata kabla ya kukariri maana yake.

Mama asimpe binti jedwali lililojazwa. Amwandikie jozi moja tu, 8 na 2, kisha amuulize: "Tukikanda nusu yake, tutahitaji nini?" Mtoto atasema unga 4, sukari 1. "Na tukikanda hiyo nusu mara tatu?" Atafika kwenye 12 na 3 mwenyewe. Kisha aweke jibu lake la kwanza, 12 na 6, pembeni ya jedwali. Hapo unga ni mara mbili tu ya sukari, wakati kwenye jozi nyingine zote ni mara nne. Ataliona kosa bila kukemewa.

Ndani ya jedwali kuna mambo matatu yanayoruhusiwa. La kwanza, kuzidisha juu na chini kwa namba moja. La pili, kugawanya juu na chini kwa namba moja. La tatu huwashangaza watoto: jozi mbili zinaweza kujumlishwa, kwa mfano 8 na 2 pamoja na 4 na 1, zikatoa 12 na 3. Hiyo ni sawa na kumwaga bakuli mbili za mchanganyiko mmoja kwenye beseni. Kisichoruhusiwa ni kuongeza namba ile ile juu na chini, kama binti alivyofanya.

Kutoka jikoni hadi kwenye gunia

Kwa familia za wakulima wa viazi wa Uporoto upande wa Mbeya au Kilolo upande wa Iringa, somo hili linagusa mfuko moja kwa moja. Lumbesa inafahamika: gunia linajazwa, kisha linashonewa kichwa juu, lakini mnunuzi analipa bei ya gunia moja. Wakala wa Vipimo umekuwa ukiipiga vita kwa miaka mingi, na bado mtoto wa mkulima huiona ikipakiwa kwenye lori.

Mzazi aifanye kuwa hesabu ya jioni. Tuseme gunia la kawaida linaingia madebe 6, na lumbesa inaingia madebe 8. Bei, kwa mfano, ni shilingi 60,000 kwa vyote viwili. Mtoto agawanye: debe kwenye gunia la kawaida limeuzwa shilingi 10,000, na kwenye lumbesa limeuzwa shilingi 7,500.

Kisha achore jedwali:

Lumbesa: 1, 2, 3
Madebe: 8, 16, 24

Na chini yake jingine:

Magunia ya kawaida: 1, 2, 3, 4
Madebe: 6, 12, 18, 24

Madebe 24 yanaonekana kwenye majedwali yote mawili. Lumbesa tatu ni sawa na magunia manne ya kawaida. Maana yake, kila baba anapouza lumbesa tatu, gunia la nne limeondoka bure. Mtoto aliyeligundua hilo kwa kalamu yake hatauliza tena uwiano una faida gani.

Pale kujumlisha kunapofaa

Hatari iliyopo ni mtoto kutoka hapo akiamini kwamba kila kitu ni kuzidisha. Mzazi ampe swali la pili: "Dada ana miaka 10, mdogo wake ana miaka 5. Dada akifika miaka 20, mdogo atakuwa na mingapi?" Mwenye jedwali kichwani anaweza kukimbilia 10. Jibu ni 15, kwa sababu umri wa wote wawili unaongezeka mwaka kwa mwaka, kwa kiasi kile kile. Hapa kujumlisha ndiko sahihi.

Vilevile, oda ya maandazi ikiwa mara tatu, kila andazi halikai kwenye mafuta mara tatu zaidi. Kwa hiyo kabla ya kuchora jedwali, mtoto ajiulize: kimoja kikiwa mara mbili, je, kingine nacho lazima kiwe mara mbili? Kwa unga na sukari, ndiyo. Kwa umri wa dada na mdogo wake, hapana. Swali hilo lina thamani kuliko kanuni yoyote ya kukariri.

Lugha ya nyumbani ina nafasi yake

Akifika sekondari, katika shule nyingi mtoto atakutana tena na uwiano, safari hii kwa Kiingereza. Wengi hukwama hapo, na mara nyingi kinachowakwamisha ni maneno kuliko hesabu. Aliyeuelewa uwiano kwa vikombe na madebe, kwa Kiswahili, au kwa Kinyakyusa au Kihehe akiwa na bibi yake jikoni, anabaki na kazi moja tu ya kujifunza jina jipya la kitu anachokifahamu.

Wala mzazi hahitaji kuwa amefika mbali kishule. Mama anayekanda unga kila alfajiri anajua uwiano kwa mikono yake, hata kama hajawahi kuuita hivyo. Kazi yake ni kumwachia mtoto kikombe, kumpa jozi moja ya namba, na kuuliza, "Umepataje?" kabla ya kusema amekosea.

Yule binti wa Uyole, oda nyingine ikija ya vikombe 20 vya unga, aachwe achore mistari yake miwili kwanza. Akisema sukari ni vikombe 5, apewe kopo la sukari apime mwenyewe.