Kamati za shule zisichaguliwe kwa mazoea

Shule ni mali ya wananchi, na fedha ya shule ni fedha ya wananchi. Kwa sababu hiyo, mkutano wa wazazi unaoitishwa kuchagua kamati ya shule, uwe Kiomboi, Nduguti, Ikungi, Manyoni au Itigi, una uzito sawa na mkutano mwingine wowote wa uchaguzi. Ni jambo la kusikitisha kwamba mara nyingi mikutano hiyo huhudhuriwa na wachache, na wajumbe hupatikana kwa mazoea. Aliyekuwa mjumbe jana ndiye wa leo, si kwa sababu ya kazi aliyoifanya, bali kwa kuwa hakuna aliyetaka kujisumbua kutafuta mwingine.

Mazoea hayo hayana budi kukomeshwa mkoani Singida, na wakati uliobaki si mrefu.

Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, Toleo la 2023, imeweka elimu ya lazima ya miaka 10: sita ya msingi na minne ya sekondari. Kwa utaratibu huo, mwaka 2027 watoto wa darasa la sita na wale wa darasa la saba la mwisho watamaliza shule ya msingi kwa pamoja. Januari 2028 wote watatakiwa kuingia kidato cha kwanza. Kata iliyozoea kuandaa vyumba 4 kwa ajili ya wanafunzi wapya itahitaji 8 au karibu ya hivyo, pamoja na madawati, vyoo na walimu.

Katika mkoa huu mvua ni za msimu mmoja. Tangu Novemba hadi Aprili mwananchi yuko shambani, na nguvu zake za kujenga hupatikana baada ya mavuno. Kijiji kitakachosubiri mwisho wa mwaka 2027 ndipo kianze kuulizana habari ya matofali kitakuwa kimechelewa. Mzigo huu utawakuta viongozi wa vijiji waliochaguliwa Novemba 27, 2024, na madiwani waliochaguliwa Oktoba 29, 2025. Lakini kwanza utaziangukia kamati za shule za msingi na bodi za shule za sekondari.

Taifa hili limewahi kupita njia kama hii. Azimio la Musoma la mwaka 1974 liliamua kwamba kila mtoto aliyefikia umri wa kwenda shule apate nafasi ifikapo 1977. Lilikuwa azimio la kimapinduzi, na mamilioni ya watoto wa wakulima na wafugaji waliingia madarasani. Hata hivyo, walimu, vitabu na majengo havikwenda kwa kasi ya watoto, na ubora wa elimu ukadhoofika. Fundisho la miaka ile ni kwamba kumwandikisha mtoto ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni fedha, na usimamizi wa fedha hiyo.

Usimamizi huo una misingi ya kisheria. Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 iliweka kamati kwa shule za msingi na bodi kwa shule za sekondari. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, ulioanza 2002 baada ya ada kufutwa, ulizipa kamati jukumu la kupanga na kusimamia matumizi ya ruzuku. Elimu bila malipo ilipoanza Januari 2016, Serikali ilianza kupeleka ruzuku moja kwa moja katika akaunti za shule. Hatua hiyo iliziba mianya mingi ya njiani. Hapo tena hapakuwa na mwingine wa kulaumiwa: fedha ikipotea, imepotelea shuleni.

Yafaa wazazi waifahamu hesabu yenyewe. Kiwango kilichotumika mwaka 2016 kilikuwa Sh. 10,000/- kwa kila mwanafunzi wa shule ya msingi kwa mwaka. Kati ya hizo, Sh. 4,000/- zilibaki kwa ajili ya ununuzi wa vitabu, na Sh. 6,000/- zilikwenda shuleni. Kwa kiwango hicho, shule yenye watoto 600 hupata Sh. 3,600,000/- kwa mwaka, yaani Sh. 300,000/- kwa mwezi, za chaki, karatasi, mitihani, ukarabati na shughuli za ofisi. Si fedha nyingi. Ndiyo maana haivumilii hata ubadhirifu mdogo. Risiti moja ya uongo ya Sh. 60,000/- imekwisha kula sehemu ya tano ya mwezi mzima.

Katika kila uchaguzi huzuka pia mjadala juu ya michango. Wapo wanaosema kwamba Serikali imeahidi elimu bila malipo, hivyo mzazi asiombwe hata debe la mtama. Wapo wengine, hasa baadhi ya watendaji, wanaoona kwamba mchango haukamiliki bila kumfukuza mtoto darasani au kukamata kuku wa mjane. Pande zote mbili zimepotoka.

Waraka wa Elimu Na. 3 wa mwaka 2016 ulibainisha kwamba sare, madaftari, matibabu na chakula cha mwanafunzi wa kutwa ni wajibu wa mzazi. Januari 2018 Rais John Magufuli alipiga marufuku michango ya kuwalazimisha wazazi, na walimu wakaondolewa kazi ya kuikusanya. Maana yake ni wazi. Mzazi anao wajibu, lakini mtoto hawezi kuadhibiwa kwa umaskini wa mzazi wake. Kati ya mambo hayo mawili ndipo kamati yenye busara inapohitajika: iitishe mkutano wakati wa mavuno, wazazi wakubaliane kiasi cha nafaka kwa hiari yao, asiye nacho ajulikane na asaidiwe, na kilichokusanywa kiandikwe. Mtoto anayetembea kilomita nyingi katika kata pana za Manyoni na Itigi hawezi kujifunza hesabu saa nane mchana kwa njaa.

Basi achaguliwe nani? Asichaguliwe mtu kwa sababu ya ukoo wake, au kwa kuwa ana duka, au kwa kuwa hodari wa kupigiwa makofi. Achaguliwe mwenye mtoto shuleni, ajuaye kusoma taarifa ya benki, asiyeona haya kuuliza fedha imekwenda wapi. Wanawake, ambao aghalabu ndio wanaojua mtoto amekula nini na amekosa daftari lipi, wasiachwe kuwa wasikilizaji tu.

Walimu nao wanahusika. Mwalimu mkuu ndiye katibu wa kamati, na tangu 2016 Serikali iliwawekea walimu wakuu posho ya madaraka ya Sh. 200,000/- kwa mwezi. Posho hiyo imeambatana na wajibu. Katibu anayeandika muhtasari wa kikao ambacho hakikufanyika, kisha akamtafuta mwenyekiti njiani atie sahihi, anaihujumu shule yake mwenyewe. Aidha, maafisa elimu kata na wakaguzi wa ndani wa halmashauri wasiridhike na mafaili yaliyopangwa vizuri. Waulize wazazi kama mapato na matumizi yalibandikwa ubaoni, na kama yalisomwa katika mkutano mkuu wa kijiji, ambao kwa taratibu hukutana kila miezi mitatu.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Chama Cha Mapinduzi kiliahidi elimu kwa wananchi na Serikali inapeleka fedha, lakini hakuna waziri awezaye kukaa katika kila shule ya Singida kuhesabu chaki. Kazi hiyo ni ya wazazi na walimu. Kila shule na iitishe mkutano wake, ichague watu wanaofaa, na kuanzia mavuno yajayo ianze maandalizi ya Januari 2028. Watoto watakaofika mlangoni siku hiyo hawatauliza ni nani aliyezembea. Watauliza wapi pa kukaa.