Mafuta ya Karafuu na Ukali Wake

Katika nyumba nyingi mna kichupa cha mafuta ya karafuu, nacho hutafutwa usiku jino linapouma. Yafaa wazazi wajue ni kitu gani wanachokishika.

Asili ya mkarafuu ni visiwa vya Maluku, nchini Indonesia. Katika karne ya 19 kilimo chake kilienea Unguja na Pemba. Karafuu za sokoni ni vichipukizi vya maua yasiyofunguka bado. Hata vikonyo na majani havitupwi: hutiwa katika pipa la chuma, mvuke wa maji ukapitishwa kati yake, nao ukipoozwa hutoa maji pamoja na mafuta. Mafuta tuliyoyazoea huelea juu ya maji, lakini haya ni mazito, huzama. (Mwalimu akiwaonyesha wanafunzi jambo hili, hawatalisahau.)

Nguvu yake yatokana na eujenoli, ambayo kwa kawaida hupita sehemu saba katika kumi za mafuta hayo. Hiyo hutia ganzi mishipa ya fahamu na kuua vijidudu. Waganga wa meno huichanganya na unga wa oksidi ya zinki ili kuziba tundu kwa muda. Lakini maumivu kutulia si jino kupona: tundu li palepale, na usaha waweza kuenea chini kwa chini. Mganga aonwe.

Mafuta matupu huchoma ufizi hata ukafanya kidonda. Mtu mzima atie tone moja katika kijiko cha chai cha mafuta ya kula, achovye pamba, aikamue, aguse jino tu. Kuyatia katika maji hakusaidii, kwa kuwa hayachanganyiki, na tone huufikia ulimi na ukali wake wote. Yawekwe katika chupa ya kioo, maana hula plastiki za namna fulani.

Nisilolikubali kabisa ni kumpaka mtoto anayeota meno. Kijiko kimoja au viwili vya chai, yaani mililita 5 hadi 10, vimekwisha kuwatia watoto wadogo degedege, kuwapoteza fahamu na kuharibu ini lao. Mtoto akiyanywa, msimtapishe. Mpelekeni hospitali mara moja, hata akionekana mzima, mkachukue na kichupa chenyewe, ili mganga aone kilikuwa na nini na kimepungua kiasi gani.